Riziki, Muda na Umbo la Riwaya: Mwandishi Chipukizi wa Mkotokuyana katika Tasnia ya Uchapishaji Inayobadilika

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kuanza na kitabu kilichokwisha kuchapishwa. Swali la mwandishi alipata wapi muda wa kuandika, na nani aligharimia uchapishaji, huachiwa wanahistoria. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba swali hilo ni la kifasihi, kwa kuwa jibu lake hujitokeza katika matini yenyewe.

Kata ya Mkotokuyana, wilayani Nachingwea, inafaa kuwa mahali pa kulitazamia suala hili. Katika ukanda huo mwaka hupimwa kwa mikorosho: katikati ya mwaka hupuliziwa dawa, na kuanzia Oktoba huwa ni kuokota, kukausha na kupeleka ghalani. Mwalimu au mkulima anayeandika riwaya yake ya kwanza huko huiandika katika mapengo ya kalenda hiyo, ilhali wachapishaji wengi wapo Dar es Salaam.

Kuandika pembezoni mwa kazi nyingine si jambo geni. Shaaban Robert alitumikia serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka thelathini, akafariki mwaka 1962. Mswada wa Kufikirika, alioukamilisha katika miaka ya 1940, ulichapishwa mwaka 1967. Utubora Mkulima, iliyotoka mwaka 1968, ina mhusika anayeacha ajira ya mjini na kushika jembe. Riwaya hiyo husomwa kama funzo la utu na kazi. Hata hivyo, ikihusishwa na maisha ya mtunzi wake, inasomeka pia kama tamanio la karani la kuumiliki muda wake. Kwa mantiki hiyo, mgogoro wa riziki na uandishi umo ndani ya riwaya, si nje yake.

Euphrase Kezilahabi anadhihirisha upande wa pili wa suala hili. Rosa Mistika ilichapishwa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, taasisi ya umma. Riwaya hiyo ilizuiwa shuleni kwa namna ilivyosawiri masuala ya kijinsia, kisha baadaye ikafundishwa. Kisa hicho kinaonesha kwamba kuchapishwa na kukubaliwa shuleni yalikuwa mambo mawili tofauti: kitabu kiliweza kuwapo na kujadiliwa kabla shule haijakipokea.

Tofauti hiyo leo imepungua. Taasisi iliyochapisha Rosa Mistika haikudumu baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, na wachapishaji binafsi wa sasa hutegemea sana soko la vitabu vya shule. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, ni hatua kubwa. Hupokea miswada, mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10, na serikali hugharimia uchapishaji. Mwandishi wa Mkotokuyana anaweza kushindana bila kufahamiana na mchapishaji yeyote. Pamoja na hayo, fedha hizo huja baada ya kazi kukamilika, hivyo hazimnunulii muda wa kuandika. Tena, mtunzi anayejua kwamba msomaji wake mkuu atakuwa mwanafunzi anaweza kuukata mswada wake mwenyewe kabla ya mhariri kuuona.

Njia nyingine ni kuuza hadithi kwa simu, sehemu baada ya sehemu. Hapa mwandishi hulipwa anapoendelea kuandika, lakini kila sehemu hulazimika kuishia kwenye taharuki ili msomaji anunue inayofuata. Wahakiki wanaoiita mitindo hiyo udhaifu wa riwaya pendwa husahau kwamba ndiyo inayomwezesha mtunzi kumudu siku zake.

Kwa hiyo mizani ya mwandishi chipukizi haipimi muda na riziki tu. Inapima pia uhuru wa matini. Mhakiki anapokutana na sura fupi, miishio ya ghafla au ukimya kuhusu mambo mazito, inampasa kuuliza ni soko lipi lililoviumba kabla ya kutoa hukumu ya kisanaa. Wasimamizi wa tuzo nao wana nafasi ya kutenga fungu la kumtunza mwandishi wakati anaandika, na la kuchapisha riwaya bora hata kama haifai darasani. Bila fungu la pili, mswada wenye ujasiri wa Rosa Mistika ukitoka Mkotokuyana leo utakuwa na milango michache kuliko uliokuwapo mwaka 1971.