Neno Lililojengwa kwa Chokaa

Mgeni wa Mji Mkongwe, Unguja, huziona benchi za mawe zilizoungana na kuta za nyumba akadhani ni pambo. Mwenyeji anajua kuwa pale ndipo mji unapokaa.

Siku moja nilimtazama fundi mwashi akitengeneza baraza lililomeguka pembe. Alibandua kwanza saruji iliyopakwa miaka ya karibuni, kwa kuwa saruji hukamata upesi lakini huufungia ukuta unyevu na chumvi ndani. Chokaa hupumua. Ni mawe ya matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo, yakamwagiwa maji, kisha yakaachwa yaive bila kuharakishwa. Fundi alipanga vipande vya mawe, kila kimoja akikigeuza mkononi mpaka kikapata mahali pake. Urefu hakuupima kwa futi, aliketi. Nyayo zilipotua chini bila kuning'inia, akaridhika.

Kipimo hicho cha goti la mtu ndicho kilicholea neno zima. Baraza ni mahali pa kukaa, ni watu waliokaa, na ni mazungumzo yenyewe. Masultani wa Zanzibar walifanya baraza kupokea wageni na malalamiko. Kenya, chifu huitisha baraza wananchi wakusanyike. Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi, na Kiswahili chenyewe kikaundiwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967.

Tunalo pia neno ukumbi, na nalo lina heshima yake. Lakini ukumbini kuna jukwaa na kuna watazamaji. Anayesema yuko mbele, anayesikia yuko chini. Baraza la mawe halina mbele. Mwenye nyumba, mpita njia na muuza kahawa hukaa kimo kimoja, na mvua ya masika ikijaza maji vichochoroni, hapo hapo juu ndipo watu wote hupita.

Kwa hiyo kila tunapokiita chombo cha dola baraza, tunakidai kimo kile: mtu aketi, nyayo zake ziguse ardhi, asikike.

Fundi alipoosha mwiko wake, wazee wawili walikuwa wamekwisha kusimama kando na bao lao, wanasubiri. Aliwaambia chokaa haijakauka, warudi wiki ijayo. Hawakuondoka. Walichuchumaa ukutani, wakaanza kupanga kete.