Heko kwa Wanaochora Upya Majalada ya Kale

Wachoraji wa vitabu vya katuni nchini Marekani wanastahili pongezi kwa desturi yao ya kuchora upya majalada mashuhuri ya waliowatangulia. Mwaka 1938 Joe Shuster alimchora Superman akiwa ameinua gari la kijani, huku mtu mmoja akikimbia ameshika kichwa kwa hofu. Mwaka 1961 Jack Kirby alichora zimwi likichomoza barabarani mbele ya mashujaa wanne wa Fantastic Four. Vizazi vya wachoraji vimeirudia michoro hiyo, vikibadili wahusika na kuhifadhi mpangilio, na wengi huandika jina la mchoraji wa kwanza kando ya sahihi yao.

Wapo wanaosema huu ni uvivu, au hata wizi. Hoja hiyo ina uzito pale chanzo kinapofichwa. Lakini mwizi huficha, ilhali mchoraji huyu hutaka msomaji aitambue asili. Wala kuenzi wakubwa hakuui ubunifu. Mchoraji John Byrne alichora jalada la katuni ya X-Men toleo la 141, mashujaa Wolverine na Kitty Pryde wakiwa wamemulikwa mbele ya bango la wanaosakwa, ambalo wengine wameliiga mara nyingi. Byrne huyo huyo, mwaka 1984, alilichora upya jalada la Kirby katika Fantastic Four toleo la 264. Mwacha asili ni mtumwa. Wasanii hawa wameishika asili yao, na ndiyo maana kazi ya Shuster na Kirby ingali inafundisha.