Ukakasi wa Barolo Ulivyofugwa

Mtu anayeiona Barolo, mvinyo mwekundu, kwa mara ya kwanza huidharau. Rangi imefifia, na ukingoni mwa glasi inaelekea kahawia, utadhani imetiwa maji. Akipiga funda moja ndipo fizi zinapokaza: ukakasi wa bibo ambalo halijaiva, na nyuma yake harufu ya waridi na lami.

Hiyo ndiyo kazi ya Nebbiolo, zabibu inayotoa Barolo kwenye vilima vya Langhe huko Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Huchelewa kuiva, mara nyingi huvunwa Oktoba, na tindikali yake haishuki kirahisi. Maganda na kokwa zake zimejaa tanini, zinazoleta ukakasi huo, ila rangi yake oksijeni huiharibu upesi kuliko ile ya Cabernet Sauvignon. Hapo ndipo penye mtihani: tanini zinahitaji oksijeni ili zilainike, na oksijeni hiyo hiyo ikizidi, rangi na harufu zimekwenda.

Wazee wa Langhe walitegemea ukubwa wa pipa. Mvinyo ulikaa na maganda mwezi mzima, hata miwili, kisha ukahamishiwa kwenye mapipa ya mwaloni wa Slavonia yenye ujazo wa maelfu ya lita. Piga hesabu. Pipa la lita 5,000 lina ujazo mara 22 ya pipa dogo la Kifaransa la lita 225, lakini katika lile dogo kila lita hugusa mbao karibu mara tatu zaidi. Kwa hiyo ndani ya pipa kubwa oksijeni huingia kwa kunyemelea, na mbao kuukuu hazitoi tena harufu ya vanila. Tanini huungana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na chembe za rangi. Nyingine huzama zikawa mashapo. Sheria bado inadai subira: miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo kwenye mbao, na miezi 62 kwa Riserva.

Subira hiyo ilikuwa ghali kwa mkulima mdogo. Elio Altare wa La Morra alikwenda Burgundy, Ufaransa, mwaka 1976 akaona wakulima wenzake wanavyofanikiwa. Mwaka 1983 alichukua msumeno wa injini akayakatakata mapipa makubwa ya baba yake, akaweka madogo mapya. Baba alimnyima urithi. Upande wa pili, mtetezi wa mapipa makubwa Bartolo Mascarello alichora lebo iliyokataa kwa pamoja mapipa madogo na mwanasiasa Berlusconi. Siasa na useremala kwenye chupa moja.

Ugomvi ukapewa jina la pipa, na kwa maoni yangu pipa lilibeba sifa na lawama zisizo zake. Mageuzi makubwa yalikuwa kwenye tangi. Rangi ya maganda huyeyuka mapema, juisi ikiwa bado na kilevi kidogo. Tanini za kokwa husubiri kilevi kipande. Kundi la wanamageuzi la Altare lilitumia matangi yanayozunguka, likakamua rangi kwa siku chache, kisha likatenganisha mvinyo na maganda kabla kokwa hazijatoa ukali wake wote. Ndiyo maana Barolo zao zilinyweka zikiwa changa. Mwaloni mpya, kusema kweli, uliifunika Nebbiolo kwa vanila, na waridi likapotea.

Shamba nalo lina kauli. Udongo wa La Morra huzaa mvinyo laini zaidi, wenye harufu ya mapema. Wa Serralunga d'Alba hutoa tanini ngumu, na chupa yake ikifunguliwa baada ya miaka mitano huwa bado imejifunga. Mkulima wa Serralunga akifupisha siku za maganda hapotezi mengi. Wa La Morra akizidisha ufupi huo, atauza mvinyo mzuri wa kunywa leo ambao hauna cha kuuzeesha.

Siku hizi nyumba nyingi zimerudi kwenye mapipa makubwa, ama hutumia madogo yaliyokwisha kutumika. Kilichobaki cha wanamageuzi ni kupunguza vichala shambani ili vilivyobaki viive sawasawa, na usafi wa pipa, jambo ambalo baadhi ya wazee walilipuuza mno.