Doris Lessing na Wasomaji wake wa Kambi Mbili

Doris Lessing alipochapisha Shikasta mwaka 1979, wasomaji wake waligawika kambi mbili, na ijapokuwa mwandishi amefariki tangu 2013, kambi hizo zingali pale pale. Ya kwanza ni ya waliomjua kwa The Grass Is Singing ya mwaka 1950 na The Golden Notebook ya mwaka 1962. Hao walimpenda kwa uhalisia: mashamba ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini, vikao vya wakomunisti, wanawake wa London wanaojieleza bila ya kujisitiri. Kwao, riwaya tano za msururu wa Canopus in Argos, zilizotoka baina ya 1979 na 1983, ni kipaji kilichomwagwa mchangani. Kambi ya pili ni ya wapenzi wa bunilizi za kisayansi, ambao mwaka 1987 walimfanya mgeni wa heshima katika kongamano lao la dunia mjini Brighton, Uingereza. Lessing alipotunukiwa Nobeli mwaka 2007, mhakiki wa Kimarekani Harold Bloom alizibeza bunilizi hizo kuwa ni za daraja la nne. Mwenyewe hakukubali hata siku moja kwamba aliiacha njia.

Kambi zote mbili zina kosa moja: zinadhani Lessing ni wawili. Vitabu vinakataa. The Four-Gated City ya mwaka 1969, ya tano na ya mwisho katika maisha ya Martha Quest, inaanzia London ya baada ya vita na kuishia kwenye nyaraka za zama zijazo, Uingereza ikiwa imekwisha angamia. Msomaji aliyefuatana na Martha tangu utotoni mwake shambani amekwisha vushwa huko miaka kumi kabla ya Shikasta. Na kifani pia: Shikasta imeungwa kwa ripoti, barua na shajara ya msichana Rachel Sherban, kama vile The Golden Notebook ilivyoungwa kwa madaftari ya rangi mbalimbali. Mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni umbali wa jicho.

Msomaji wa pwani ana fungu lake hapa ambalo wahakiki wengi wa London hawakuwa nalo. Lessing, aliyezaliwa Kermanshah, Uajemi, mwaka 1919, alikuwa mwanafunzi wa Idries Shah, mwalimu wa tasawwuf, tangu miaka ya 1960. Jina Shikasta ni la Kiajemi, lenye maana ya kilichovunjika. Wapenzi wa khati wanalijua kwa mwandiko wa mkato unaoitwa hivyo hivyo. Sayari hiyo zamani iliitwa Rohanda, na iliharibika pale nguvu iliyoteremka kutoka Canopus ilipopungua, watu wakasahau walikotoka na wakaanza kulana. Aliyekulia katika tungo za kipwani zinazomkumbusha mja asili yake hatahitaji kuelezwa maradhi hayo.

Kitabu kilicho bora katika msururu, na pengine kilicho bora kuliko riwaya zake nyingi za uhalisia, ni The Marriages Between Zones Three, Four and Five cha mwaka 1980. Hakina mitambo ya kutisha wala vita vya angani. Al·Ith, malkia wa Ukanda wa Tatu, anaamriwa kuolewa na Ben Ata, mfalme askari wa Ukanda wa Nne, na hakuna kati yao aliyetaka. Kule kwa Ben Ata, kuitazama milima ya Ukanda wa Tatu ni jinai. Wanawake hukutana kwa siri ili wainue macho. Al·Ith anajifunza huko wivu na uzito wa mapenzi. Anaporudi kwao, watu wake hawamtambui tena, naye anaishia kuishi karibu na mpaka wa Ukanda wa Pili, akivutwa juu zaidi. Anayejua habari za maqamu ataona mpango huo mara moja, lakini ndoa yenyewe inasimuliwa kwa ukweli wa chumbani ambao aliyeandika maisha ya Martha tu angeuweza.

Shikasta haifiki hapo, na tatizo lake si sayansi. Katika The Grass Is Singing, akili ya Mary Turner inafunuliwa ikiporomoka siku baada ya siku, ilhali Moses, mtumishi anayemuua, anatazamwa kwa nje tu. Wapo wanaotetea kwamba ukimya huo ndio shitaka dhidi ya walowezi, na hoja yao ina uzito. Lakini katika Shikasta ukimya huo umetandazwa juu ya sayari nzima. Wajumbe wa Canopus wanahesabu, wanapanga, wanaandika majalada juu ya wenyeji, na dola yao haikosei. Lessing aliyepigwa marufuku kuingia Rhodesia ya Kusini na Afrika Kusini mwaka 1956 ameumba watawala wa kigeni ambao msomaji anatakiwa awaamini. Kwa visiwa vilivyotawaliwa na Waingereza kuanzia 1890 hadi 1963 kwa jina zuri la himaya, lugha hiyo ya majalada si ngeni, na kuiamini si rahisi.

Inaelekea mwandishi mwenyewe aliliona jambo hili, maana kitabu cha tatu, The Sirian Experiments cha mwaka 1981, kilichoingia katika orodha fupi ya tuzo ya Booker, kimewekwa mdomoni mwa mtawala. Ambien wa Pili ni kiongozi wa dola ya Sirius, iliyowahamisha na kuwafanyia majaribio viumbe wa sayari za watu. Anaanza kwa sauti kavu ya ofisini, na sauti hiyo inapata nyufa kurasa baada ya kurasa, mpaka wenziwe wanaona heri wamtenge. Canopus haiulizwi chochote hata hapo. Ila safari hii aliyezoea kuandika ripoti juu ya wengine anaandika juu ya nafsi yake, na kalamu inamtetemeka.