Cheche Iliyomezwa na Kisanduku: Uhakiki wa Uwashaji wa Moto katika Programu ya FDS

Insha hii inahakiki namna sisi wanafunzi wa uhandisi tunavyotumia FDS, programu ya kuiga moto iliyotolewa mwaka 2000 na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Hoja yangu ni kwamba programu hii ni hodari wa kuonyesha moto unavyokua, lakini tunaibebesha swali lisilo lake tunapoiuliza kama cheche fulani itawasha gesi iliyovuja.

Kwanza tutazame inavyofanya kazi. FDS hugawa chumba katika visanduku vidogo, na kila kisanduku hupewa halijoto moja. Ukiiacha ilivyo, haihitaji cheche: halijoto ya gesi kujiwasha imewekwa nyuzijoto -273 za Selsiasi, yaani gesi na oksijeni zikichanganyika, huungua. Kwa anayechunguza jinsi moshi utakavyoenea ukumbini, hilo halina ubaya, kwa kuwa moto umekwisha kuwaka. Kwa anayechunguza usalama wa jiko la gesi, jibu limetolewa kabla ya swali kuulizwa.

Wanaolijua hilo hupandisha halijoto ya kujiwasha, kisha huweka chembe yenye joto kali kwa sekunde kadhaa na kuiondoa. Hapa ndipo penye kasoro. Methani huweza kuwashwa na cheche ya takriban milijuli 0.3, tena ya muda mfupi mno. Tupige hesabu. Kisanduku cha sentimita 1 kila upande kina hewa ya miligramu 1.2 hivi. Milijuli 0.3 zikisambazwa humo hupandisha halijoto kwa robo ya nyuzi tu. Kisanduku kikiwa cha sentimita 10, ongezeko ni nyuzi 0.00025, kikiwa cha milimita 1, ni nyuzi 250. Cheche ni ileile. Kilichobadilika ni ukubwa wa kisanduku tuliouchagua wenyewe. Cheche halisi hukusanya joto lake katika nafasi finyu sana, likafika maelfu ya nyuzi kabla ya kutawanyika.

Ndiyo maana chembe huachwa kwa sekunde nzima nzima, ili moto ushike. Lakini hilo ni kaa la moto, si cheche. Ripoti inayosema "gesi iliwaka" kwa njia hiyo inatueleza tu kwamba mwandishi aliongeza joto mpaka ikawaka.

Mtetezi atasema kwamba kukuza chanzo ni desturi, na moto ukishakolea chanzo husahaulika. Nakubali, mradi swali linaanzia baada ya moto kuwaka. Lakini huku kwetu, ambako methani ya Ziwa Kivu huvunwa ili kuzalisha umeme, swali la kama mvujo utawaka si la darasani tu. Mtu anaweza kuamini ripoti yetu akapanga vifaa vya umeme kwa kuifuata.

Kwa hiyo napendekeza kila ripoti itaje mambo matatu: nishati ya chanzo, muda wake na upana wa kisanduku. Kisha jaribio lirudiwe kwa visanduku vya nusu ya upana huo. Jibu likigeuka, ripoti iseme wazi kwamba uwashaji ulidhaniwa, haukuigwa. Nawaomba wahadhiri wetu walidai hilo wanaposahihisha miradi, kwa sababu picha ya moto ikishapendeza kwenye skrini, ni wachache wanaouliza uliwashwa na nini.