MiniDisc: Kinasa Sauti Kilichojua Kupokea, Kikanyimwa Kutoa

Novemba 1992, Sony iliingiza katika maduka ya Japani kifaa kilichoitwa MZ-1. Bei yake ilikuwa yen 79,800, na kwa kifaa cha kubeba mkononi kilikuwa kinene na kizito. Hata hivyo kilifanya kazi ambayo Walkman ya kaseti haikuwahi kuifanya tangu izaliwe mwaka 1979: kilicheza muziki wa kidijitali na pia kuurekodi, kwenye diski ndogo iliyoitwa MiniDisc, iliyofungiwa ndani ya kasha la plastiki, na diski hiyo iliweza kufutwa na kuandikwa upya.

Wakati huo msikilizaji alikuwa na njia mbili, na kila moja ilikuwa na kasoro yake. Kaseti ilirekodi, lakini mkanda ulinaswa, ulilegea, na kuutafuta wimbo wa nne kulimaanisha kuzungusha mbele na nyuma kwa kubahatisha. CD ilimfikisha mtu kwenye wimbo wowote papo hapo, lakini CD ya dukani haikurekodi kitu, na kicheza CD cha kubeba kilirukaruka kila mwenyewe alipopiga hatua. Kampuni ya Philips ilijaribu kuikomboa kaseti kwa kuigeuza kuwa ya kidijitali, ikatoa DCC mwaka huohuo wa 1992, kisha ikaachana nayo mwaka 1996. Sony iliuacha mkanda kabisa.

Uandikaji wa MiniDisc ulitegemea joto na sumaku kwa pamoja. Diski ya kurekodia ina tabaka jembamba la mchanganyiko wa terbiamu, chuma na kobalti. Tabaka hilo likiwa katika joto la kawaida, sumaku ya nje haiwezi kulibadili. Leza inapopasha nukta moja hadi takribani nyuzi 180 za Selsiasi, usumaku wa nukta hiyo hulegea kwa kitambo kidogo mno. Hapo kichwa cha sumaku kilicho upande wa pili wa diski huielekeza nukta upande mmoja au mwingine, yaani moja au sifuri, kisha nukta hupoa na kubaki hivyo. Kusoma kunafanywa na leza ileile ikiwa imepunguzwa nguvu: mwanga unaporudi, mawimbi yake huwa yamezungushwa kidogo kulingana na uelekeo wa sumaku iliyougusa, na kifaa hutambua tofauti hiyo. Ndiyo maana diski iliyoachwa juu ya spika haikufutika kama kaseti. Ili kuifuta, joto na sumaku vilihitajika kwa wakati mmoja, na Sony ilitangaza kwamba diski moja ingeweza kurekodiwa mara milioni.

Kulikuwa na tatizo la nafasi. Diski yenyewe ina kipenyo cha milimita 64, wakati CD ina milimita 120. Sauti ya CD inapimwa mara 44,100 kwa sekunde katika chaneli mbili, na hiyo ni zaidi ya biti 1,411,000 kila sekunde. Diski ndogo namna hiyo isingeweza kubeba dakika 74 za mzigo huo. Wahandisi wakabuni mfumo wa kubana sauti walioupa jina ATRAC, ukashusha biti hizo hadi kama 292,000 kwa sekunde, karibu moja ya tano.

Ubanaji huo ulifuata namna sikio linavyosikia. Honi ya daladala ikilia, mnong'ono wa aliyekaa kiti cha jirani haupotei hewani, ila sikio haliupati. ATRAC iligawa sauti katika makundi matatu, nzito, za kati na kali, ikakagua ni zipi zinafunikwa na zenye nguvu zaidi, kisha ikazipa biti chache au kuzinyima kabisa. Vifaa vya kwanza vilifanya kazi hii kwa ukali, na wasikilizaji makini waliyasikia madhara yake hasa kwenye matoazi. Lakini uamuzi wa sauti ipi ipewe biti ngapi ulikuwa wa kifaa kinachorekodi, si kinachocheza. Kwa hiyo Sony iliweza kuboresha ubanaji mwaka hadi mwaka, na diski mpya ikaendelea kucheza katika kifaa cha zamani. Ni ubunifu wa heshima: aliyenunua mapema hakuachwa nyuma.

Ubanaji ulileta faida nyingine. Leza ilisoma diski kwa kasi ya takribani biti milioni 1.4 kwa sekunde, ilhali sauti iliyobanwa ilihitaji chini ya laki tatu. Ziada hiyo iliwekwa katika kumbukumbu ndogo ya kielektroniki iliyotunza takribani sekunde 10 za muziki mbele ya msikilizaji. Kifaa kikitikiswa na leza ikapoteza njia, muziki uliendelea kutoka kwenye kumbukumbu hadi leza ilipoipata njia tena. Mtu aliweza kukimbia nacho.

Hata hivyo, utaalamu mkubwa zaidi wa MiniDisc ulikuwa katika fahirisi yake. Karibu na kitovu cha diski kuna eneo dogo linaloitwa UTOC, ambamo kifaa huandika kila kipande kinaanzia wapi, kinaishia wapi na kinaitwaje. Sauti yenyewe inakaa kwingine, na inaweza kutawanyika katika sehemu kadhaa za diski bila msikilizaji kujua, kwa sababu kumbukumbu ileile ya sekunde 10 inaziunganisha. Kwa hiyo kuhariri hakukugusa sauti hata kidogo. Kukata kipande kimoja kuwa viwili, kuunganisha viwili kuwa kimoja, kuhamisha cha saba kiwe cha kwanza, kufuta kikohozi katikati ya mahojiano: yote yalikuwa mabadiliko ya mistari michache katika fahirisi, na yaliwezekana kufanywa kwenye kifaa kilichomo kiganjani, bila kompyuta. Diski moja ilikubali hadi vipande 255.

Mwandishi wa redio ndiye aliyefaidi zaidi. Alichomeka kipaza sauti kidogo kwenye tundu la kifaa, akakichagulia kurekodi kwa chaneli moja badala ya mbili, na diski ya dakika 74 ikampa dakika 148 za mahojiano. Kila msemaji aliposema jambo zito alibonyeza kitufe kuweka alama, na jioni alipokaa kuandaa kipindi alirukia alama hizo moja kwa moja. BBC ni miongoni mwa mashirika yaliyowapa watangazaji wake vifaa hivi katika miaka ya 1990 na iliyofuata. Wanamuziki nao walivipenda. Thom Yorke wa kundi la Radiohead alirekodi kwa MiniDisc majaribio, mazoezi na nyimbo zilizokuwa hazijakamilika katika kipindi cha kutengeneza albamu ya OK Computer ya mwaka 1997. Rekodi hizo zilipovuja, kundi lenyewe liliamua kuziuza Juni 2019: diski 18, zaidi ya saa 16 za sauti.

Kifaa kilidai nidhamu. Kurekodi kwa mipangilio ya kawaida kuliacha kifaa kijipandishie na kujishushia sauti chenyewe, na matokeo yake kelele za nyuma zilifura kila msemaji aliponyamaza. Aliyetaka rekodi safi alipanga kiwango kwa mkono, na katika modeli nyingi za Sony ilimlazimu kusimamisha kurekodi kwanza ndipo menyu ya kiwango ifunguke. Injini ya kifaa nayo ilisikika ikiandika, kwa hiyo kipaza sauti kilihitaji waya wa kukiweka mbali.

Hatari kubwa ilikuwa kwenye fahirisi hiyohiyo. Kifaa kiliandika sauti kwenye diski papo hapo, lakini fahirisi kiliishikilia katika kumbukumbu hadi mtu abonyeze kitufe cha kusimamisha. Betri ikitoka kabla ya hapo, sauti yote ilikuwa salama kwenye diski, huku diski yenyewe ikitangaza kwamba haina kitu. Watumiaji walibuni njia ya kuiokoa, na njia hiyo inaonyesha jinsi walivyokielewa kifaa chao. Walichukua diski nyingine iliyorekodiwa mwanzo hadi mwisho kama kipande kimoja, wakaacha kifaa kisome fahirisi yake, kisha wakabadilisha diski huku wamezuia swichi ya mfuniko ili kifaa kisigundue. Wakafanya hariri ndogo. Kifaa kikaandika fahirisi ya diski ile nyingine kwenye diski iliyokosa fahirisi, na sauti ikarudi.

Kupokea sauti, basi, MiniDisc ilikuwa hodari. Kuitoa ndiko ilikonyimwa, na ilinyimwa kwa makusudi.

Mwaka 1988 Sony ilikuwa imeinunua CBS Records, mojawapo ya kampuni kubwa za muziki duniani. Tangu hapo, kampuni iliyotengeneza vinasa sauti ilikuwa pia na mali ya kulinda dhidi ya vinasa sauti. MiniDisc ilizaliwa ikiwa na SCMS, utaratibu ulioruhusu nakala moja ya kidijitali na kuzuia nakala ya nakala. Sheria ya Marekani ya mwaka 1992 nayo iliudai kwa vinasa sauti vya kidijitali vya nyumbani. Zaidi ya hapo, vinasa vingi vya mkononi vilikuwa na tundu la kuingiza sauti ya kidijitali lakini havikuwa na la kuitoa. Mwandishi aliyerudi na mahojiano ya dakika 74 alichomeka waya kwenye tundu la kusikilizia, akaketi dakika 74 nyingine akiyahamishia kompyuta, na sauti ikapoteza ubora kidogo njiani.

Mwaka 2001 ilikuja NetMD, iliyounganisha kifaa na kompyuta kwa waya wa USB. Nyimbo zilikwenda kwenye diski kwa kasi, kupitia programu iliyoruhusu kila wimbo kuhamishwa mara tatu tu. Kurudi nyuma, kutoka diski kwenda kompyuta, hakukuruhusiwa. Hata sauti ya mwenye kifaa mwenyewe, aliyoirekodi kwa kipaza sauti chake, ilikataliwa kama vile ameiiba.

Wapo wanaosema MP3 ndiyo iliyoiua MiniDisc. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Rio PMP300, kicheza MP3 kilichovuma mwaka 1998, kilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32, kiasi cha nusu saa ya muziki wa ubora wa wastani, na hakikurekodi. MiniDisc ilikuwa na dakika 74, baadaye 80, kwenye diski ya bei nafuu ambayo mtu aliweza kununua kumi akizitaka. Tangu mwaka 2000 ubanaji mpya wa MDLP uliziongeza mara mbili au hata mara nne. Kwa miaka ile Sony ilikuwa mbele. iPod ilipotangazwa Oktoba 2001 ilikuwa na gigabaiti 5 na haikuwa na kinasa sauti, lakini muziki wake ulibaki kuwa mafaili ambayo mtu aliyamiliki kwenye kompyuta yake. Watu walichagua kifaa kilichowaamini. Japani peke yake, ambako maduka ya kukodisha CD yaliwapa watu nyimbo za kunakili, MiniDisc ilidumu kama chombo cha kawaida majumbani na magarini.

Sony ililegeza kamba taratibu mno. Hi-MD ya mwaka 2004 ilileta diski ya gigabaiti 1 iliyorekodi dakika 94 bila kubana sauti, ikaruhusu rekodi mpya za mtu mwenyewe kwenda kompyuta, kwa masharti. Diski za zamani zilisubiri hadi mwaka 2006, ilipotoka MZ-RH1, kifaa cha kwanza cha Sony kilichozipeleka kwenye kompyuta kwa USB. Miaka 14 ilikuwa imepita. Mwaka huohuo kinasa sauti cha Zoom H4 kiliingia sokoni kikirekodi kwenye kadi ya SD na kutoa mafaili ya kawaida bila kuuliza swali lolote, na waandishi wakahamia huko.

Usafirishaji wa Walkman za MiniDisc ulikoma Septemba 2011, mauzo ya vifaa vingine vya Sony vya mfumo huo yakakoma Machi 2013, na Februari 2025 kampuni ikaacha kutengeneza diski tupu. Afrika Mashariki MiniDisc haikuwahi kuwa bidhaa ya mitaani. Watu wengi walitoka kwenye kaseti wakaingia CD, kisha simu yenye kadi ya kumbukumbu. Lakini ilifika mikononi mwa watangazaji, watafiti, na jamaa waliorudi kutoka ng'ambo, na mtu asiyeijua anaweza kuitupa akidhani ni diski ya kompyuta iliyopitwa na wakati.

Aliye na diski kama hizo na azihamishe sasa, wakati vifaa vingali vinapatikana mitumba. Kwanza asogeze kijiti kidogo kilicho ubavuni mwa kasha ili diski isiandikwe tena. Kisha atafute MZ-RH1. Ikimshinda bei, programu huria ya Web MiniDisc Pro inafanya kazi ndani ya kivinjari na inaweza kutoa sauti katika vifaa kadhaa vya NetMD vya Sony. Hata kifaa cha kawaida chenye tundu la kusikilizia kinatosha: waya mmoja, kompyuta moja, na dakika 74 za kusubiri.