Simurgh na Huma wa Kioo: Mwongozo wa Mnunuzi

Karakana ya kioo ya Kitengela, Kajiado, iliyoanzishwa na msanii Nani Croze, imejijengea jina kwa kugeuza vioo chakavu kuwa bilauri, shanga na madirisha ya rangi. Ukitaka fundi wa kioo akutengenezee ndege wa hekaya za Uajemi, amua kwanza ni yupi, kwa kuwa kila ndege hupimwa kwa maana yake.

Simurgh ni mlezi. Katika Shahnameh, utenzi wa Ferdowsi uliokamilika mwaka 1010, ndiye aliyemlea Zal, mtoto aliyetupwa mlimani kwa kuzaliwa na nywele nyeupe. Walipoagana alimpa unyoya wa kuchoma siku ya dhiki, naye angemjia. Kwa hiyo mkague manyoya, yenye rangi nyingi. Hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa rangi nyingi hutokana na vioo mbalimbali: kioo cha chupa na cha dirisha husinyaa kwa viwango tofauti vikipoa. Vikiunganishwa vingali moto huvutana, na ufa waweza kutokea ndege akiwa tayari sebuleni kwako. Heri Simurgh wa vipande vilivyopangwa vikiwa baridi, vikashikwa kwa risasi au zege. Mtikise kidogo: kipande kisicheze, wala mwanga usipenye kandokando yake.

Huma ni habari nyingine. Husimuliwa kwamba huruka maisha yake yote bila kutua, na atakayeangukiwa na kivuli chake atakuwa mfalme. Ukiuziwa Huma aliyesimama kwa miguu juu ya kibao, mwache hapo hapo. Fundi hakumjua ndege wake. Huma ananing'inizwa.

Mwinue juani. Rangi iwe nzito kifuani, ipungue polepole hadi ncha za mabawa. Ikikatika ghafla, kioo hakikupulizwa sawasawa. Viputo vidogo visikutishe, ni kawaida ya kioo kilichoyeyushwa upya. Kinachotisha ni chembe nyeupe isiyoyeyuka, maana nyufa hupenda kuanzia hapo. Mgonge kwa ukucha: mzima hulia, mwenye ufa hutoa sauti butu.

Kisha acha kumtazama yeye, utazame sakafu. Kivuli cha Huma ndicho kilichobeba utukufu wake, hivyo kiwe na rangi na umbo la bawa lisomeke. Kikiwa doa jeusi, kioo ni kinene mno. Mrudishie fundi, hata kama ndege mwenyewe anapendeza.